Tuache Kuisingizia Bahati kwenye Matuta

Kila timu yetu ikitolewa kwa matuta, kesho yake vijiweni na redioni maneno ni yale yale: "Penalti ni bahati nasibu." Kocha anaanza, msemaji wa klabu anadakia, wachambuzi wanaongeza chumvi, na shabiki analala akijiliwaza kwamba vijana wamepambana, Mungu hakupenda. Sikubaliani nao. Huo ni uongo mtamu, na umetugharimu vya kutosha.

Tuhesabu. Aprili 2022, Simba ilitolewa na Orlando Pirates kwa penalti 4-3, robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Aprili 2023, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Wydad Casablanca wakaitoa kwa 4-3 ile ile. Aprili 2024 ikawa zamu ya Yanga: suluhu Dar es Salaam, suluhu Pretoria, kisha Mamelodi Sundowns wakashinda matuta 3-2. Wakenya nao yaliwakuta Agosti 2025 pale Kasarani, Madagascar ilipowaondoa kwenye robo fainali ya CHAN kwa 4-3.

Langoni mwa Sundowns alisimama Ronwen Williams. Miezi miwili kabla, kwenye AFCON, huyo huyo alikuwa amepangua penalti 4 za Cape Verde katika mechi moja. Bahati gani hiyo inayomganda mtu mmoja?

Bahati nasibu haijali tiketi kashika nani. Penalti inajali. Umbali ni mita 11 na upana wa goli ni mita 7.32, siku zote. Lakini Geir Jordet, mtafiti wa Norway aliyeyachunguza matuta kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba mchezaji ambaye bao lake linaipa timu ushindi papo hapo hufunga mara nyingi zaidi kuliko yule ambaye akikosa timu inatolewa. Mpira haujabadilika, goli halijasogea. Kilichobadilika ni kichwa cha mpigaji, na kichwa hufundishika.

Kweli, hakuna ajuaye mkwaju utaishia kona ipi. Lakini nani anapiga, na wa ngapi? Nani aingie dakika ya 118, na nani asitolewe? Wapinzani watano wanaotarajiwa wanapenda kona zipi? Mchezaji akitoka katikati ya uwanja kwenda kupiga, anavuta pumzi vipi, anasubiri sekunde ngapi baada ya kipyenga? Hayo yote yanaweza kuamuliwa wiki nzima kabla ya mechi. Sisi tumefanya jambo moja tusilolijua kuwa kisingizio cha kutoyajua mengine kumi.

Waingereza waliuimba wimbo huu kuliko sisi. Kuanzia 1990 hadi 2012 walitolewa kwa matuta mara sita kwenye Kombe la Dunia na Euro. Gareth Southgate, aliyekosa yake mwaka 1996, alipokuwa kocha aliyafanya matuta kuwa somo la mazoezini. Mwaka 2018 wakaitoa Colombia. Mwaka 2024, dhidi ya Uswisi, walipiga tano na kufunga tano. Kipa Jordan Pickford alikuwa na chupa ya maji iliyoandikwa majina ya wapigaji wa Uswisi na upande wa kuruka kwa kila mmoja. Kwa Manuel Akanji iliandikwa aruke kushoto. Akaruka kushoto, akapangua.

Mtaniambia: mbona walijiandaa wakafungwa na Italia fainali ya 2021? Mbona Luis Enrique aliwaagiza wachezaji wa Hispania wakapige penalti elfu moja kwenye klabu zao, halafu Qatar 2022 wapigaji wote watatu wakakosa mbele ya Morocco? Ni kweli. Kupiga mipira elfu ni sehemu tu ya kazi, na hata kazi iliyokamilika haikupi hati ya ushindi. Inakuondolea zile sababu za kushindwa zilizokuwa mikononi mwako. Tena baada ya Italia, Southgate alisema wazi kwamba orodha ya wapigaji aliipanga yeye na lawama ni zake. Anayeamini bahati nasibu hana cha kuwajibikia.

Wala sisi wenyewe hatuiamini kwa dhati. Simba ilipoitoa Al Masry kwa matuta 4-1, Aprili 2025, tulimsifu kipa Moussa Camara na utulivu wa wapigaji. Bahati nasibu haikutajwa. Tukishinda ni uhodari, tukishindwa ni kudra?

Basi waandishi wenzangu, safari ijayo kocha akikaa mbele ya vinasa sauti na kuanza hadithi ya bahati, msimwachie. Muulizeni: wapigaji wako watano waliambiwa lini? Kipa wako alipewa nini kuhusu wapinzani? Akishindwa kujibu, andikeni hivyo, kwamba timu haikuandaliwa.