Tusiwaache Wamalizane

Ndugu msomaji, najua wapo watakaocheka wakiona mwanafunzi mzima wa Kidato cha Tatu ametumia kurasa za gazeti la Chama cha Kiswahili kuwatetea panya. Cheka tu, lakini soma hadi mwisho, kwa sababu jambo lenyewe lilitugawanya muhula wa pili na wengine hadi leo hawajanisamehe kwa niliyoyasema. Nami ninalo la kuungama, maana siku ile sikulisema mapema.

Kila apitaye karibu na maabara ya Baiolojia anawafahamu Pwagu na Pwaguzi, panya wetu wawili weupe wenye macho mekundu. Majina hayo tuliyatoa kwa wale wachekeshaji wa redio ambao wazazi wetu hawaishi kuwataja. Walizaliwa siku moja, tumbo moja, na tangu walipoachishwa ziwa walikuwa wakilala wamelaliana kama ndizi za kichana kimoja. Walikaa hivyo kwa amani karibu miezi sita. Mimi ndiye mtunzaji wao. Kazi yangu ni kubadilisha maranda, kujaza maji na kuwapa chakula kabla ya kengele ya asubuhi na tena saa kumi jioni kabla ya kwenda nyumbani.

Jumatatu moja niliingia maabara mapema nikiwa na mkebe wangu wa mahindi. Ala! Maranda yalikuwa yametapakaa hadi sakafuni, na mengine yalikuwa na matone ya damu. Pwagu alikuwa amejibanza pembeni, karibu na mkia ana majeraha matatu, madogo kwa nje lakini yamezama ndani kama aliyedungwa msumari. Pwaguzi alikuwa katikati ya kizimba, manyoya yamemsimama wima hata akaonekana mkubwa maradufu, akimwendea nduguye kwa ubavu kama kaa. Hakuna aliyelia. Kimya hicho ndicho kilichonitia baridi.

Nilitaka kutia mkono nimtoe Pwagu. Msaidizi wa maabara, ambaye sisi sote tunamwita Mzee, alinidaka kifundo. "Kijana, unataka vidole au huvitaki?" Akachukua kipande cha mbao, akakiteremsha katikati yao polepole, kisha akaniambia nilete ndoo tupu na kitambaa kizito. Pwagu alihamishwa akiwa amefunikwa. Yote hayo yalichukua dakika mbili tu, bwana, na mpaka leo sijaona njia bora kuliko hiyo. Panya aliyepandwa na hasira hamtambui anayemlisha. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, umwambie mwalimu, uende hospitali, usijifanye shujaa.

Jioni hiyo Chama cha Sayansi kilikutana. Hapo ndipo mambo yalipochacha.

Kundi la kwanza lilisema tuwarudishe pamoja mara moja. "Waache wamalizane! Mshindi akipatikana watatulia." Walipigiwa makofi, hasa na wale wa viti vya nyuma. Ndugu zangu, hoja hii inavutia kwa sababu ina ukweli nusu. Ni kweli panya huwa na mkubwa wao, na ni kweli hupigana kwa mchezo karibu kila siku. Lakini kuna kupigana na kupigana. Katika mchezo mmoja huruka kutafuta shingo ya mwenzake, anamwangusha chali, huyo wa chini anapiga kelele kama anayechinjwa, halafu baada ya kitambo wanabadilishana. Manyoya yamelala, na damu hakuna. Katika ugomvi wa kweli manyoya husimama, mkia hutikiswa, na meno hutafuta mgongo na makalio. Aliyeona haya ya pili akasema "waache" hajui anachokiacha.

Tena, kwani mshindi hupatikanaje? Panya hawa weupe ni jamii moja na wale wa kahawia wa mitaroni. Kule mtaroni anayeshindwa hukimbia, na akishakimbia vita vimekwisha. Kizimba chetu hakifiki hata mita moja. Pwagu akimbilie wapi? Atazunguka, atakutana tena na meno yale yale. Tumemfungia mlango kisha tunamlaumu kwa kutoondoka.

Kundi la pili lilinikera zaidi. Lilisema Pwaguzi ni mkorofi wa kuzaliwa, na kwa kuwa Kidato cha Nne watahitaji panya wa kupasua katika somo la Baiolojia, basi yeye atangulie. Mmoja akatoa ile methali ya samaki mmoja akioza. Kura zikapigwa. Pwaguzi alihukumiwa kwa kura 14 dhidi ya 5. Mwalimu wetu alisikiliza bila kusema neno, kisha akasema hukumu itasubiri hadi Ijumaa. Mzee alikuwa mlangoni akikausha mitungi. Akauliza tu, "Ijumaa iliyopita nani aliwapokea wale panya wageni?"

Nilinyamaza. Nilitazama kiatu changu.

Sasa naungama. Ijumaa hiyo shule jirani ilituletea majike wawili. Niliwapokea mimi, nikawashika, nikawabadilishia maranda, nikaweka kizimba chao juu ya kile cha Pwagu na Pwaguzi kwa kuwa rafu ilikuwa imejaa. Kisha, kwa mikono ile ile bila kuinawa, nikaingia kwa madume, nikawashikashika na kuwawekea chakula. Zaidi ya hayo, siku hiyo nilikuwa nimekiosha kizimba chao chote kwa dawa kali ya kusafishia sakafu mpaka kikanukia kama choo cha hoteli. Na kwa kuwa sisi ni wa kutwa na Jumapili hakuna anayefika, nikarundika chakula cha siku mbili katika kisahani kimoja.

Jumlisha mwenyewe. Panya haoni vizuri, hasa hawa wenye macho mekundu. Dunia yake aijua kwa pua. Dume wa miezi mitano hadi saba ndiyo kwanza anapevuka, damu inachemka. Mimi nikamfutia harufu yote ya nyumbani kwake, nikampaka nduguye harufu ya wageni, nikamwekea majike juu ya dari, nikampa sahani moja ya kugombania, halafu nikafunga mlango nikaenda kutazama kandanda. Hao wawili walipigana, ndiyo. Lakini vita nilivianzisha mimi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na ndiyo niliyoyasema Alhamisi nilipokwenda ofisini kwa mwalimu huku magoti yakigongana: panya waliokaa pamoja miezi wakianza kuumana ghafla, tuwatenganishe kwanza, halafu tumchunguze mtunzaji kabla ya kumhukumu panya. Ulize kilichobadilika. Je, kuna mgeni? Kizimba kimehamishwa? Wamekua na nafasi imebaki ile ile? Je, mmoja wao ni mgonjwa? Mwenye maumivu huuma hata akiguswa kwa wema, na mgonjwa huweza kushambuliwa na wenzake. Hapa niongeze jambo lililotutisha bure: Pwagu alikuwa na wekundu kuzunguka macho, tukadhani amechomwa jicho. Mzee alitueleza kuwa panya akisumbuka au akiugua hutokwa na machozi yenye rangi nyekundu, na si damu. Lakini ni dalili, usiipuuze.

Kuna wenzangu wanaouliza kwa nini nijisumbue hivi. Ati panya ni panya tu. Hao nawakumbusha jirani zetu wa Tanzania. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na hata kutambua makohozi yenye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu na baruti zaidi ya 100, na mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu na shirika moja la wanyama la Uingereza. Panya buku si jamii ya Pwagu, nakubali. Lakini pua ile iliyookoa miguu ya watoto wa Kambodia ni binamu ya pua niliyoichezea mimi Ijumaa ile.

Ijumaa ya hukumu ilipofika mwalimu aliniamuru nisimame nirudie mbele ya wote. Nilizomewa. Mwenyekiti alisema nimemficha mkosaji kwa siku nne, na hapo hakukosea. Lakini kura ya pili ilipopigwa Pwaguzi alipona kwa kura 11 dhidi ya 8. Wale 8 bado wapo, na baadhi yao ni marafiki zangu.

Majeraha ya Pwagu tuliyaosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, asubuhi na jioni. Siku ya kumi yalikuwa yamefunga. Majike walihamishiwa stoo ya vifaa, mbali kabisa. Baada ya hapo tulijaribu suluhu. Kila siku tulibadilishana maranda kidogo kutoka kizimba hiki hadi kile, ili kila mmoja alale katika harufu ya mwenzake. Wiki ya pili tukawakutanisha juu ya meza ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuikanyaga, dakika tano tano, sahani mbili, kitambaa mkononi. Siku tatu za kwanza walinusana tu. Nikaanza kujigamba. Siku ya nne manyoya ya Pwaguzi yakasimama tena.

Kuna waliosema hiyo ndiyo ithibati kwamba yeye ni mbaya. Mimi nasema ni ithibati kwamba kidonda cha siku mbili hakiponi kwa dakika tano. Daktari wa mifugo angeweza kumhasi, na baada ya wiki kadhaa hasira ingepungua, lakini chama hakina pesa hizo. Tukaamua waishi kila mmoja na chake. Wapo wanaosema tumeshindwa. Sioni hivyo. Kushindwa kungekuwa kuwalazimisha walale pamoja ili sisi tufurahie kuwaona ndugu wamepatana.

Lakini panya hapendi upweke. Hivyo tumeviweka vizimba viwili vikitazamana, nafasi ya vidole vinne katikati, ili wanusane bila kufikiana kwa meno. Usiku, kwa maneno ya Mzee, kila mmoja huvuta maranda yake hadi upande wa mwenzake na kulala hapo. Nilidhani ananifariji. Asubuhi moja nikafika kabla ya saa kumi na mbili nikajionea: migongo miwili myeupe, waya huku na waya kule.

Likizo inakuja na orodha ya watakaokuja kuwalisha imebandikwa mlangoni kwa maabara. Jumapili zote bado ziko wazi isipokuwa moja, ambayo nimeijaza mimi. Hata wewe uliyepiga kura ya kwanza unakaribishwa. Kuna sahani mbili, mahindi yako kwenye mkebe wa bluu, na bomba la maji liko kushoto unapoingia. Anzia hapo bombani.