Utamu Si Ushamba

Imezuka kasumba miongoni mwa baadhi ya wasomi wetu kwamba mvinyo mtamu ni kinywaji cha washamba. Mtu akikaribishwa bilauri ya mvinyo mtamu wa Dodoma hukunja uso, akaagiza ule mkavu ili aonekane amestaarabika. Ni nani aliyemfundisha hayo? Si Wafaransa. Huko Sauternes mvinyo unaotukuzwa kupita yote ni mweupe, tena mtamu. Chupa moja ya Château d'Yquem ya mwaka 1811 iliuzwa mwaka 2011 kwa pauni 75,000.

Hata hivyo, siutetei utamu wa kumiminiwa sukari ili kuficha kasoro. Onja polepole. Kwanza ulimi hupata asali. Kisha, kama mvinyo ni mwema, ugwadu hufuata nyuma yake mfano wa ukwaju, ukausafisha mdomo. Ugwadu huo, pamoja na sukari, ndio uuhifadhio mvinyo kwa miongo mingi. Ukikosekana, kilichobaki ni sharubati yenye kulevya. Na ajabu ni kwamba lugha yetu inayo maneno haya yote, ugwadu, uchachu, ukakasi, ukali, wala hayana maana moja. Lakini waonjaji wetu hung'ang'ania Kiingereza, wakitaja matunda ambayo hawajapata kuyachuma.

Je, Dodoma haiwezi? Zabibu nyeupe ya Chenin Blanc, ambayo kule Vouvray hutoa mvinyo mtamu wa kuishi miaka mingi, imepandwa pia katika uwanda wetu huu, kwenye kimo cha mita zipatazo 1,100. Mizabibu yetu huzaa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba huangukia katikati ya kiangazi. Wa Sauternes hungojea ukungu wa mtoni ulete kuvu ya kunyausha zabibu zao. Baadhi ya Waitalia huzianika. Sisi jua tunalo, na Mgogo, aliyekausha mlenda wake tangu kale, hahitaji mwalimu wa kuanika.

Kinachopungua ni malipo ya haki. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi huuza zabibu zake kwa kilo. Zabibu iliyoachwa inyauke hupoteza uzito, na kwa mizani hiyo kungoja ni kujiibia mwenyewe. Kiwanda kitakacho mvinyo wa namna hiyo, basi, na kimlipe mkulima kwa utamu wa zabibu zake.