Mtoto Akinyimwa Nafasi ya Chuo

Wanachama wenzetu, kijana wa Wete au Mkoani akinyimwa nafasi ya chuo aliyoistahili, wengi husema ni kadari, wakanyamaza. Sisi hatukubali. Katiba ya Muungano, ibara ya 13(6)(a), yampa mtu haki ya kusikilizwa na kukata rufani. Nako India, mwaka 2019, Mahakama ya Juu iliamua kuwa mwanafunzi bora aliyenyimwa masomo ya udaktari pasipo kosa lake, naye hakukawia kushitaki, aweza, ingawa kwa nadra, kupewa nafasi hata mwaka ufuatao, si fidia tu. Uamuzi huo hautufungi, bali watufunza. Basi tumwandikie mkuu wa chuo upesi, tudai sababu kwa maandishi, tutunze nakala. Kazi hiyo makarani twaijua. Ngojangoja huumiza matumbo.