UCHANGANUZI: Laini mbili za intaneti pekee hazitaokoa huduma Kisii na Nyamira

NYAYA za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari karibu na pwani ya Afrika Kusini mnamo Mei 12, 2024, intaneti ilizorota Afrika Mashariki kwa siku kadhaa. Ushauri unaotolewa baada ya kila mkasa wa aina hiyo ni ule ule: ofisi za umma zinunue laini ya pili, ya akiba.

Ushauri huo ni nusu ya dawa. Kwa kaunti za Kisii na Nyamira, zilizo mamia ya kilomita kutoka Mombasa ambako nyaya za baharini hutua, nusu iliyobaki ndiyo ngumu: kuamua data inayoingia ipitie wapi.

Data inayotoka haina taabu, kwani ruta ya ofisi ndiyo huchagua laini. Inayoingia huamuliwa na mitandao ya mbali isiyojua wala kujali mipango ya Nyamira. Ni kama msafiri anayetoka Nairobi kwenda Kisii. Yeye ndiye huchagua kupitia Narok na Bomet, au Nakuru na Kericho. Mwenyeji wake anaweza tu kumpasha habari kwamba njia moja ni ndefu zaidi.

Wahandisi hufanya vivyo hivyo. Kwa kutumia utaratibu uitwao BGP, mtandao hutangaza anwani zake kupitia kampuni zote mbili, lakini kwenye laini ya akiba hurudia nambari yake ya utambulisho mara mbili au tatu ili njia hiyo ionekane ndefu. Ujanja huu hufaulu mara nyingi, ila si mara zote. Kwa kawaida kampuni inayouza laini ya akiba humpelekea mteja wake data moja kwa moja, njia itangazwe kuwa ndefu kiasi gani, kwa sababu mteja ndiye anayeilipa. Hapo laini ndogo iliyokusudiwa dharura hujaa, huku ile kubwa ikiwa na nafasi tele.

Dawa yake imejulikana tangu 1996: alama maalumu ambayo mteja huambatisha kwenye tangazo lake, akiiomba kampuni iipe njia hiyo hadhi ya chini. Alama hiyo haina maana ikiwa kampuni haijakubali kuitii, na makubaliano hayo yafaa yaandikwe katika mkataba kabla ya pesa kulipwa.

Haya yote yanahitaji ofisi iwe na anwani zake yenyewe. Anwani hizo hugawanywa na AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius ambalo limeandamwa na kesi kwa miaka. Wala si anwani mbili tatu. Mitandao mingi duniani hukataa tangazo la fungu lililo chini ya anwani 256.

Ofisi inayotumia anwani za kampuni ya laini kuu huzipoteza laini hiyo ikikatika. Wafanyakazi walio ndani wataendelea kusoma barua pepe kupitia akiba, na mkuu wao ataamini mambo ni shwari. Kumbe karani wa ushuru aliye Borabu, au zahanati inayotafuta rekodi kwenye seva ya hospitali, haifikii ng'o.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Faiba nyingi hufuata barabara, na zile njia mbili za kutoka Nairobi hukutana Kaplong, karibu na Sotik, zikawa moja kupitia Keroka hadi Kisii. Laini za kampuni mbili tofauti zikifuata mkondo huo, tingatinga moja la wajenzi latosha kuzikata zote. Akiba ya kweli ingetoka upande wa Kisumu, kupitia Ahero na Oyugis. Afisa wa ununuzi asiyedai ramani ya nyaya huenda akalipia mtaro mmoja mara mbili.

Kujaribu mpango wenyewe si kazi kubwa. Laini kuu izimwe makusudi saa za kazi, kisha mtu aliye nje ya kaunti, Nairobi au Kisumu, ajaribu kuifungua seva ya Nyamira. Anayejaribu akiwa ndani ya ofisi hatagundua lolote.