Neva si mshipa: Tusipotaja vyema, mkono hupotea

Neno "mshipa" limetwishwa mzigo mzito mno katika Kiswahili. Mshipa ni njia ya damu. Mshipa, kwa wengi, ni kano inayofunga msuli kwenye mfupa. Mshipa ni ngiri. Na mshipa, vilevile, ni ule uzi laini upelekao amri ya ubongo hadi kidoleni na kurudisha habari za moto, baridi na maumivu. Katika mazungumzo ya barazani, utata huu haumdhuru mtu. Hospitalini, waweza kumgharimu mkono wake.

Hebu tumtazame mtu aliyekatwa kwa panga karibu na kiwiko, au aliyeanguka kutoka kwenye bodaboda. Anaambiwa kwamba "mshipa umeguswa". Jeraha linashonwa, damu inakoma, ngozi inafunga. Vidole vingali vimekufa ganzi, lakini jamaa zake wanaona kidonda kimepona, basi wanamshauri asubiri au akakandwe. Je, ni nani wa kuwalaumu? Mshipa wa damu ukiziba jeraha, kazi imekwisha. Neva haiendi hivyo.

Neva ikikatika, sehemu iliyotengana na uti wa mgongo hufa, ikabaki ala tupu. Nyuzi mpya huchipuka kutoka upande ulio hai na kuifuata ala hiyo kwa mwendo wa takriban milimita moja kwa siku. Kutoka kiwikoni hadi kiganjani ni kama milimita 300. Hiyo ni safari ya karibu mwaka mzima. Nao msuli uliokosa neva hausubiri milele. Baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, hunyauka kiasi cha kutoweza tena kupokea amri. Kila mwezi unaopotea kwa kungoja ni mwezi ulioibwa kutoka kwa mkono.

Ncha mbili zikiwa karibu, daktari huzishona chini ya hadubini. Pakiwa na pengo, pahitajika daraja. Kwa miaka mingi daraja hilo limekatwa kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, hasa neva ya nyuma ya muundi, naye hubaki na ganzi ubavuni mwa wayo. Mwaka 1988, mjini Toronto nchini Kanada, Dkt. Susan Mackinnon na wenzake walimpandikiza mvulana neva za marehemu mguuni. Ilimlazimu kutumia dawa za kutuliza kinga ya mwili, ila kwa muda tu, kwa kuwa nyuzi zake mwenyewe zikishapita, daraja la mgeni halina kazi tena. Tangu mwaka 2007, huko Marekani, hutumika pia neva za marehemu zilizooshwa chembe zote hai, ikabaki ala pekee. Hizo hazihitaji dawa za kinga. Hata hivyo, kwa mapengo marefu na neva kubwa, neva ya mgonjwa mwenyewe ingali inapendelewa.

Hapa ndipo lugha inapoingia kwa mara ya pili. Daraja la aina hiyo hutoka kwa marehemu, nayo Sheria ya Afya ya mwaka 2017 hapa Kenya haimruhusu mtu kuchukua kiungo au tishu bila ridhaa. Lakini ridhaa ya neno lisiloeleweka ni ridhaa gani? Familia yenye msiba ikiombwa "mishipa" ya mpendwa wao, itadhani inaombwa damu, au mkono mzima. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Haki hiyo ni tupu ikiwa mwananchi hawezi kuelezwa kwa lugha hiyo ni nini kitakachotolewa mwilini mwa maiti wake.

Wapo watakaosema kwamba tunalo tayari jina la Kiswahili safi, "mshipa wa fahamu". Siliafiki. Tunaposema mtu amepoteza fahamu, twamaanisha amezirai. Basi mkulima akiambiwa mshipa wake wa fahamu umekatika, atashika kichwa badala ya kutazama vidole. "Neva" ni neno la kukopa, ndiyo, lakini "kalamu" na "shule" pia tulizikopa, na leo hakuna anayeziona kuwa wageni.

Pendekezo langu kwa walimu wenzangu ni dogo. Mwalimu wa sayansi na mwalimu wa Kiswahili wakubaliane: mshipa uwe wa damu, kano iwe ya msuli, neva iwe ya hisia na amri. Kisha mwanafunzi apewe zoezi la kumweleza bibi yake, bila neno la Kiingereza, kwa nini ganzi inayosalia baada ya jeraha kupona si jambo la kungojea. Bibi akielewa na kuuliza, "Basi tumpeleke lini?", mwanafunzi huyo amefaulu.