Chai Tunaifundisha, Shamba Hatulijui

Walimu wawili, mtu na mkewe, wakazi wa Kianda huko Kibera, walizua kicheko likizo iliyopita walipoonekana alfajiri wakielekea kituo cha matatu, kila mmoja na shanta lake mgongoni. Mama mwenye kibanda cha mandazi aliwauliza kama wanahama ili kumkwepa mwenye nyumba. Walipomjibu kuwa wanakwenda Kericho kutembea na kuyaona mashamba ya chai, kicheko kilizidi. "Chai si ndiyo hii, mwalimu?" akasema, akiinua birika. "Keti hapa nikuonyeshe kwa shilingi ishirini."

Kicheko hicho si cha bure. Katika nchi hii tumezoea kudhani kwamba kutembea kwa ajili ya kuona tu ni kazi ya Wazungu. Mwananchi husafiri kwa sababu: kuna matanga, kuna posa, kuna mtoto wa kupelekwa shule ya bweni, au ni Desemba na wazee wanangoja nyumbani. Anayefunga shanta na kwenda mahali asipo na jamaa, wala shamba, wala kesi, huonekana ama amepata pesa za haramu ama amepungukiwa na akili. Walimu hawa hawakuwa na pesa, na akili zao ni timamu. Walikuwa na swali lililowakosesha usingizi.

Mume alikuwa darasani akisomesha hali zinazofaa kilimo cha chai. Sote tuliopitia shule za Kenya tunazijua kwa moyo: nyanda za juu, mvua nyingi iliyosambaa mwaka mzima, udongo wenye asidi usiotuamisha maji, halijoto isiyo kali. Wanafunzi waliandika, wakakariri. Kisha msichana mmoja akainua mkono na kuuliza: mchai ni mti au ni nyasi? Kwao nyumbani huitwa majani ya chai, na majani, kwa mtoto wa Kianda, ni yale yaotayo kando ya reli. Mwalimu akajibu kwamba ni kichaka. Msichana hakuridhika. Kichaka hicho kinamfika mtu wapi, magotini au kifuani? Hapo mwalimu aliyefundisha somo hilo miaka nenda miaka rudi alitambua kuwa hajui. Alikuwa ameiona chai kwenye picha ya kitabu na ndani ya kikombe, basi.

Jibu walilolipata Kericho ni kwamba msichana yule hakuwa mjinga hata kidogo. Mchai ni mti. Ukiachwa ukue upendavyo hupita mita kumi. Mkulima huupogoa kila baada ya miaka michache ili ubaki usawa wa kiuno, uso wake umelazwa kama meza, mkono wa mchumaji uweze kupita juu yake bila kuinama wala kunyanyuka. Kinachotakiwa ni majani mawili machanga na chipukizi, na mchumaji hurudi kwenye kichaka kile kile baada ya siku saba hadi kumi na nne. Kilo nne na zaidi za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu, baada ya kunyaushwa, kusagwa, kuachwa yageuke rangi na kukaushwa kiwandani. Nani miongoni mwetu aliyewahi kuulizwa hayo katika mtihani?

Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ya alasiri haimwogopi mgeni. Wawili hao walilala katika nyumba ya wageni ya bei nafuu, wakatembea kwa miguu siku tatu katika barabara za udongo mwekundu, wakala mkate waliobeba. Mke anasimulia kwamba siku ya kwanza alisimama juu ya kilima akaona kijani kitupu hadi upeo wa macho, kimenyooshwa kama blanketi la kitanda cha hospitali, na machozi yakamlengalenga. Hakujua kama ni kwa uzuri au kwa sababu alikuwa amekumbuka chumba chao cha futi kumi kwa kumi.

Lakini lililowafunza zaidi halikuwa mandhari. Siku ya pili walimkuta mama mmoja akichuma katika shamba la mkulima mdogo, kapu mgongoni, amejifunga karatasi ya nailoni kiunoni kuukinga umande. Walimwamkia, akaitikia, kisha akawatazama mashanta yao. "Mmekuja kupima shamba?" akauliza. "Mmetumwa na nani?"

Swali hilo liliwachoma. Ndilo swali ambalo sisi wa Kibera huwauliza watu wanaokuja na kamera shingoni na fomu mkononi, wakitaka kujua tunalala wangapi na choo kiko wapi. Mke, ambaye alikuwa ameshatoa simu ili apige picha, aliirudisha mfukoni. Walimweleza mama kwamba ni walimu, na kwamba wametumwa na mtoto. Mama akacheka. Akamwambia mwalimu, "Shika basi, utoe jibu," akamwonyesha jinsi ya kukata kwa vidole viwili bila kuchana. Mwalimu alichuma kwa nusu saa, akapata kiasi ambacho mama alisema kingetosha kuwachekesha watu wa kituo cha kupimia. Alipotua kapu lake kando ya shanta la mwalimu, akauliza ndani ya mzigo ule kuna nini. Kulikuwa na nguo, mkate na daftari.

Mama huyo aliwahi kuwa kibarua katika shamba kubwa la kampuni mpaka mashine za kuchumia zilipoingia. Sasa huchuma kwa wakulima wadogo, hulipwa kwa kilo, na mwanawe yuko Nairobi akitafuta kazi ya mjengo. Yuko wapi Nairobi? Kawangware. Dunia ni ndogo kuliko ramani tunazowachoresha wanafunzi.

Mambo ya mashine si hadithi ya mama mmoja. Mnamo Mei 2023 wakazi wa Kericho waliandamana na kuziteketeza mashine za kuchumia chai katika mashamba makubwa, na mtu mmoja akafa. Kampuni husema kwamba gharama ya mikono imepanda na bei ya chai sokoni haitabiriki. Nina hakika hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini mwanafunzi anayekariri kwamba chai "huwapa watu ajira" anastahili kujua pia kwamba ajira hiyo inabishaniwa, na kwamba kuna watu waliokuwa tayari kuwasha moto kwa ajili yake.

Anastahili kuijua ardhi vilevile. Vitabu vingi huanza na mwaka 1903, chai ilipopandwa kwa mara ya kwanza nchini huko Limuru, kisha huruka hadi kampuni za Kiingereza zilizofika Kericho katika miaka ya 1920. Katikati ya tarehe hizo kuna watu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis kwa maofisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaporomoka, mradi ukafa, na ardhi hiyo haikurudishwa kwa wenyewe bali ikaishia kuwa mashamba ya chai. Mnamo 1934 ukoo wa Talai, ambao wakoloni waliuogopa kwa sababu ya viongozi wake wa kiroho, ulihamishwa kwa nguvu na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, kwenye mbung'o na malaria, ukakaa huko hadi mkesha wa uhuru. Mnamo 2022 watu wa Talai na Kipsigis waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Hayo hayamo katika orodha ya hali zinazofaa kilimo cha chai, ingawa bila hayo yasingekuwapo mashamba makubwa tunayoyasifu.

Mtoto wa Kibera angeelewa habari hii haraka kuliko mtoto wa Lavington. Mtaa wake mwenyewe ulianza kama ardhi waliyokalishwa askari Wanubi na serikali hiyo hiyo ya kikoloni, bila hati, na Wanubi walisubiri hadi 2017 kupewa hatimiliki ya ekari 288. Kukaa mahali vizazi vitatu ukiambiwa u mgeni ni jambo ambalo haliitaji kufafanuliwa ubaoni Kianda.

Sasa nasikia mwalimu mkuu akiguna: ni nani atakayelipa? Swali ni la haki. Shule nyingi za mitaa yetu ni za kujitegemea, karo yenyewe hulipwa kwa vipande, na safari ya kielimu ikitangazwa huwa ni ya basi la kukodi kwenda mbali, kwa ada ambayo theluthi ya darasa haiwezi. Wale wasioweza hubaki nyumbani, na siku inayofuata hulazimika kuwasikiliza wenzao wakisimulia kuhusu twiga. Mimi naona safari ya namna hiyo ina madhara kuliko faida. Lakini Limuru si Kericho. Kutoka Kawangware mtu hupanda hadi barabara ya Waiyaki, akashika matatu ya Limuru, na kabla jua halijawa kali yuko mbele ya mchai. Hahitaji hoteli wala mwongoza watalii. Anahitaji mkulima mmoja aliyekubali kuzungumza na watoto kwa saa mbili, na wakulima wadogo wa chai nchini ni zaidi ya 600,000. Hatuwezi kusema tumekosa hata mmoja. Mtaala wa umilisi, ambao tumeambiwa una lengo la kumtoa mtoto kwenye kukariri, haujatufikisha huko ikiwa bado mtoto wa Nairobi anaichora chai kwa kunakili mchoro.

Lipo neno moja la tahadhari, nalo nimelipata kwa mke wa mwalimu. Tukienda tusiende kama wale wanaokuja kwetu. Mchumaji si kifaa cha kufundishia. Asipigwe picha kabla hajaulizwa jina wala kabla hajakubali, na wanafunzi wafunzwe kusalimia kabla ya kuuliza, hata kama ni kwa neno moja la lugha ya pale. Ikiwezekana wamchumie kidogo, wampunguzie kazi badala ya kumkalisha kama maonyesho. Nashangaa kwamba sisi tunaochukia kutazamwa tulihitaji kukumbushwa.

Wale wawili walirudi Kianda Jumamosi usiku, viatu vimeganda udongo. Mama wa mandazi aliwauzia chai ya rangi kwa mkopo, maana nauli ilikuwa imewamaliza, akataka kuambiwa yote. Jumatatu mwalimu aliingia darasani na tawi moja la mchai alilopewa, akaliweka juu ya meza ya mbele. Alisimama kando ya msichana aliyeuliza swali, akaweka kiganja chake kiunoni kuonyesha kimo. Darasa likacheka. Tawi likapitishwa mkono kwa mkono, likanuswa, likatafunwa na wawili watatu wakalitema.

Kisha mvulana wa nyuma akauliza yule mama alilipwa shilingi ngapi siku hiyo. Mwalimu alifungua daftari, akatafuta, akalifunga. Alikuwa ameandika urefu wa mchai, idadi ya siku kati ya mchumo na mchumo, na jina la kituo cha kupimia. Hilo hakuwa ameliuliza. Ameniambia kwamba wanaweka akiba ya nauli kwa likizo ya Agosti, na safari hii watoto ndio watakaoandika maswali.