Jiko Halijifagii

Ndugu zangu, iko tabia moja iliyoota mizizi majumbani, na tukiendelea kuinyamazia tutakuwa tumeiridhia. Mtu anajengewa jiko banifu la kuni, zuri, la matofali na udongo, lenye mlango mdogo wa kuni na dohani ya kutolea moshi. Mwezi wa kwanza analisifu kwa kila mgeni. Mwezi wa sita majivu yamejaa, ukuta una nyufa, dohani imezibwa na masizi, na nyumba nzima inakohoa. Ndipo utamsikia akinung'unika, "Majiko haya hayafai," kisha huyo, amerudi kwenye mafiga matatu. Mchagua jembe si mkulima! Jiko limekosa nini?

Kwamba moshi ni adui, hakuna asiyejua. Macho ya bibi zetu na vifua vya watoto wetu ni ushahidi tosha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 pekee hewa chafu ya majumbani ilikatisha maisha ya watu milioni 3.2. Pumzi ni amana ya Mwenyezi Mungu, na amana hulindwa. Kwa hiyo sipotezi wino kulithibitisha hilo. Nataka tuuseme uvivu wetu.

Uvivu wa kwanza uko kwenye kuni. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Anayeutia motoni leo hapiki ugali. Anachemsha maji yaliyomo ndani ya gogo. Moto unafifia, moshi unatanda, masizi yanaganda ndani ya dohani, na yakizidi huweza kushika moto ukapanda hadi darini. Haraka haraka haina baraka. Kule Njombe na Mufindi, ambako baridi ya Juni na Julai haina masihara, wapo akina mama wanaostahili sifa: mti wa mwati hukatwa mapema, ukapasuliwa vipande vyembamba, vikapangwa chini ya paa mahali penye upepo, vikaachwa miezi hadi vikauke. Gonganisha vipande viwili: vikilia kwa sauti kali, hizo ni kuni, vikitoa sauti nzito, virudishe vikangoje. Akiba haiozi. Akina mama hao, chanda chema huvikwa pete!

Uvivu wa pili ni wa usafi, nasi tunajiita watu wa dini! Majivu yakijaa, hewa haipati njia ya kupita chini ya kuni, na moto uliokosa hewa huzaa moshi. Yatoe kila asubuhi, uyatie kwenye chombo cha chuma mpaka yapoe kabisa, maana kaa lililojificha ndani ya majivu limekwisha kuteketeza nyumba nyingi. Dohani nayo isuguliwe kabla ya baridi kuingia. Ufa ukionekana, uzibwe siku hiyo hiyo kwa udongo wa kichuguu uliokandwa vizuri. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye pikipiki hathubutu kusahau kubadilisha oili, lakini jiko linalomlisha yeye na wanawe hulikumbuka likishabomoka. Nawe unayesukuma gogo zima hadi mlango wa kuni ukaziba, na wewe unayewashia moto kwa vipande vya plastiki, sumu hiyo unamtengea nani mezani?

Hapa sina budi kuwageukia wanaume wenzangu. Tunajenga nyumba ya bati jipya, sebule ina madirisha makubwa ya vioo na makochi ya kupokelea wageni. Jiko je? Kibanda cha nyuma, kisicho na dirisha, ambamo mbuzi wangegoma kulala. Humo ndimo tunamfungia mke, na mtoto mgongoni, halafu tunalalamika chakula kimechelewa. Aibu iliyoje! Fundi yuleyule aliyeweka vioo vya sebuleni angeweza kutoboa dirisha jikoni kwa gharama ndogo. Na kupanda dohanini kuisafisha ni kazi ya nani, kama si ya baba mwenye ngazi?

Wapo watakaosema wanangoja gesi. Ni kweli, serikali ya Tanzania imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na lengo hilo ni jema, sote tuliombee heri. Lakini kifua cha mtoto hakingoji mwaka 2034 ili kivute hewa. Anavuta ya leo, jikoni mwako.

Enyi wazazi, mnaoamka alfajiri na kuwatafutia wanenu riziki ya halali, juhudi hiyo tunaijua na tunaiheshimu. Basi ongezeni hili dogo: kausheni kuni, toeni majivu, zibeni nyufa, toboeni madirisha. Anayelitunza jiko lake ametunza watu wake, na thawabu yake haipotei mbele ya Mola.